Mashine Iliyoomba Macho

Siku moja ninayoikumbuka hata leo, mwanangu, mume wangu alirudi nyumbani kwetu Kabondo na maboksi juu ya pusipusi, ule mkokoteni wa kusukuma, majirani wakimfuata nyuma. Ndani mlikuwa na mashine ya sidii, zile santuri ndogo zinazosomwa kwa mwanga, pamoja na amplifaya na spika zake. Wakati ule wa Zaire, waliokuwa nayo Kisangani walikuwa wachache, tena wengi wao wakubwa wa chama. Mume wangu alikuwa amepandishwa cheo posta, akataka kumshukuru baba yake.

Baba mkwe alikuwa makanika wa meli za mtoni hadi macho yake yakafa. Tuliishi naye. Furaha yake ya kutwa ilikuwa gramafoni kuukuu: alitafuta santuri kwa vidole, akaweka sindano mwenyewe, hakumhitaji mtu. Sasa gramafoni ilikuwa imekufa nayo, na fundi alisema haiponi.

Dukani sikuwapo, lakini najua mume wangu alivyochagua, maana alinisimulia mpaka nikachoka. Alitaka taa nyingi, namba zinazokimbia, na vitufe vilivyolazwa chini ya kioo, laini kabisa, kidole kisijue kimoja kinaishia wapi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini nisiisingizie, sauti yake ilikuwa nzuri.

Mzee aligusa boksi, akashukuru, akambariki mwanawe. Hapa nisikilize vizuri. Katika ukoo wao mzazi hatoi kasoro zawadi ya mtoto. Akisema "hii haifai," wanaamini ameulaani mkono uliotoa. Basi mzee akaipokea.

Jioni mume wangu alimwekea muziki, bati likatetemeka, marafiki wakasifu. Mchana hakuna kitu. Mimi nilikuwa nauza samaki pale barazani, kwa hiyo niliyaona yote. Mzee alijaribu. Kila kidole kilipogusa kioo, mashine ilibadili jambo fulani, ikanyamaza, ikaandika sababu yake pale kwenye kioo, kwa mtu asiyeona. Mwishowe akaacha, akawa anakaa na mikono mapajani tangu asubuhi. Mume wangu akasema baba amezeeka, hataki tena muziki. Niliumia, lakini mkamwana hamsemei baba mkwe. Ingeonekana mzee ameikataa zawadi kwa mdomo wangu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Shangazi, dada mkubwa wa mzee, alipanda mto kutoka Yanonge kuja kututembelea. Alikaa, akatazama, na Jumapili baada ya kanisa akamwita mume wangu.

"Mutoto, papa yako iko ananyamaza sababu gani?"

"Shangazi, amechoka tu. Ni uzee."

"Uzee? Bon. Wewe ukienda kazi, nani anamuwekea muziki? Umenunua kitu yako, ukaiita ya papa. Na unajua hawezi kukukatalia. Umemufunga kinywa na zawadi."

Mume wangu, aliyezoea kujibu watu kwenye dirisha la posta, akageuka kuitazama ile mashine.

Sasa kuirudisha dukani kungekuwa kumnyang'anya baba yake. Shangazi alilimaliza hilo kwa namna yake. Alikwenda akakaa karibu na nduguye.

"Ndugu yangu, hii mashini nimeipenda. Unipe mimi."

Kwake Yanonge hakukuwa na umeme wa kuwasha hata taa moja. Mzee alijua, sote tulijua, na hakuna aliyecheka. Mdogo hamnyimi dada yake mkubwa.

"Kamata, yaya," akasema upesi, maana ndivyo anavyoitwa dada mkubwa kwetu, nami nikaona mabega yake yakilegea.

Shangazi akamgeukia mume wangu. "Donc sasa iko yangu. Kesho uende na papa yako duka, akanichagulie ingine. Itakaa hapa, ye ataniangalilia."

Mwenye duka, Mwislamu mmoja wa Maniema mwenye subira, alikubali kubadilisha. Alimpa mzee kiti, akawasha mashine moja baada ya nyingine, sauti juu, kama walivyopenda wateja wake. Mzee akainua mkono.

"Shusha. Juu, hata pipa inaimba. Shusha nisikie kama iko na kitu ndani."

Alisikiliza bila haraka. Kisha akaanza kuzipapasa. Iliyomfurahisha zaidi kwa sauti aliirudia, akaipapasa tena, akaiacha.

"Hii inaomba macho. Mimi niko na masikio."

Alichagua moja nyeusi, kavu, isiyo na mapambo, yenye kitasa kikubwa cha kuzungusha na vitufe vilivyochomoza, kila kimoja na umbo lake.

Siku iliyofuata mume wangu alirudi mchana kula, akasikia muziki tangu barabarani. Alipoingia santuri ilikuwa imekwisha, akanyoosha mkono aibadilishe.

"Acha," baba yake akamwambia. "Naweka mwenyewe."

Mume wangu akaja barazani, akasimama karibu na meza yangu, akalia. Nilimkatia samaki, akala.

Kwa hiyo, mwanangu, ukija kuniuliza ununue mashine gani, sina jina la kukutajia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, basi muulize kwanza atakayekaa nayo mchana kutwa wewe ukiwa hupo. Isikilize sauti ikiwa chini. Ishike ukiwa umefumba macho. Na kama ni zawadi, mpe mtu nafasi ya kusema hapana kabla hujaileta nyumbani, hasa yule ambaye heshima haimruhusu kusema hapana baadaye. Wapo wengi wanaoshukuru huku wameumia, na wewe utadhani wamechoka.

Mungu akujalie mkono mwepesi wa kutoa. Na utakapozeeka, akupe watoto watakaokuuliza kwanza.