Saksafoni Ghalani kwa Mbula

Miaka ile ya tisini, madereva wa malori waliosubiri zamu ya mizani pale Mlolongo walimjua Munyiva kwa mapafu yake. Msichana mwembamba wa vilima vya Kalama, saksafoni shingoni, akipuliza roki na bluzi baani mpaka glasi zinatetemeka mezani. Chombo chenyewe aliachiwa na mjomba wake, askari mstaafu wa bendi, aliyemfundisha nyimbo za gwaride na za kanisani. Munyiva akazishika zote vizuri. Halafu siku moja akasikia bluzi redioni, basi, gwaride likaishia hapo.

Kiongozi wa bendi yao ya baani alikuwa Nurudin, mpiga gita, mtoto wa familia ya Kiislamu yenye duka la vitambaa mjini Machakos. Alimpenda Munyiva kama dada yake na kumgombeza vivyo hivyo.

"Dada, unapiga kama mtu anafukuzwa na mbwa," alimwambia. "Pumua basi! Bluzi si mbio."

Munyiva alicheka, lakini neno lilimchoma, maana alijua ni kweli. Alichoogopa ni kimya. Akinyamaza kidogo tu, aliona watu watageukia nyama zao.

Na nyumbani je? Mama yake, Wayua, hakuwahi kufika Mlolongo kumsikiliza. "Huo upepo wako mimi siuelewi," alisema, akaendelea kuchambua mbaazi.

Sasa, Kalama kuna jambo lisilo na mjadala: mwethya. Kabla ya mvua, kila nyumba hutoa mtu mmoja kwenda kuchimba mitaro ya fanya juu, ile ambayo udongo wake hurushwa upande wa juu ili shamba lisiteremke lote mtoni. Leo kwako, kesho kwangu. Wayua alikuwa na goti bovu, hivyo mikono ya nyumba ile ilikuwa ya Munyiva. Lakini Munyiva alirudi kutoka Mlolongo jua likichomoza, akajifunika blanketi na kukoroma wenzake wakipita na majembe. Alikuwa mgeni kwao mwenyewe, na mgeni huyo siku zake mbili zilikuwa zimekwisha zamani.

Anayetegea mwethya hufuatwa nyumbani. Wanawake huja wakiimba, huchukua chombo kimoja cha nyumba, sufuria au karai, na hakirudi mpaka mtu afanye kazi. Oktoba ya mwaka 1996 wakamjia Munyiva, wakiongozwa na mwenyekiti wao, Mbula, mwanamke mwenye sauti ya kuvuka mabonde mawili. Akatazama masufuria ya Wayua, yote yametoboka. Akatazama kona. Kitu cha shaba kilikuwa kinang'aa.

"Hii ndiyo sufuria kubwa ya hapa," akasema Mbula, akaibeba.

Munyiva aliamshwa na wimbo unaoteremka mlima pamoja na saksafoni yake. Akakimbia peku. Mwisho wa wiki ile ile bendi ilikuwa iende kujaribiwa katika hoteli moja kubwa ya Nairobi. Wakipendwa, wangeajiriwa, wakikosa, ni Mlolongo mpaka uzeeni.

"Mama Mbula, tafadhali, nitalipa!"

"Pesa yako weka. Mwethya haikuli pesa, inakula jasho. Hiyo tarumbeta iko na usingizi kwa ghala yangu. Wewe kuja na jembe."

"Jembe letu limelegea mpini."

"Mchagua jembe si mkulima," Mbula akamjibu, na wenzake wakaangua kicheko.

Basi akachimba. Siku ya kwanza viganja vilitoka malengelenge, naye akalia kwa hasira. Alimchukia Mbula kwa moyo wake wote. Ila sikio la mwanamuziki halina chuki. Mbula alitupa mstari wa wimbo: *Mvua inakuja, nani amelala?* Majembe juu, kimya. Akaurudia ule ule. Majembe juu, kimya. Kisha wote wakajibu pamoja, majembe yakashuka.

"Hii ni bluzi!" Munyiva akapaza sauti.

"Hiyo ni dawa ya wadudu?" akauliza mama wa jirani.

Munyiva alikuwa anasikiliza kile kimya. Hakuna aliyekiogopa. Hapo ndipo wanawake walipopumua, na pasipo pumzi jembe lisingeshuka kwa nguvu. Wiki nzima akachimba na kupumua nao.

Ijumaa, kesho yake ikiwa jaribio, mwethya ikaelekea shamba la Wayua mwenyewe. Munyiva hakuamini. Wayua alibaki jikoni akikoroga muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, wa kuwalisha wachimbaji. Mtaro ulipokwisha, Mbula akaleta saksafoni imefungwa lesoni. Akaiinamisha, mbaazi tatu zikadondoka.

"Haya, tuambie inasema nini."

Munyiva akaitia mdomoni. Akapuliza mstari wa Mbula. Akaacha kimya. Akaurudia, akaacha kimya tena. Na wanawake wakajibu, wote, kwa kishindo.

"Kumbe hii kitu inalima!" Mbula akasema.

Jikoni, mwiko wa Wayua ulikuwa umesimama.

Hoteli iliwachukua. Nurudin alipomsikia akipumua vile, alisahau gita lake mkononi. Wakapiga Mombasa, wakapiga Kampala, wakatoa kanda iliyochezwa redioni mpaka watoto wakaikariri. Lakini kila Oktoba Munyiva alikuwa Kalama na jembe, na ole wake meneja aliyempangia shoo mwezi huo.

Mwaka 2004 wakaalikwa kupiga uwanjani Machakos, mchana kweupe, umati mpaka barabarani. Wayua, tayari ana mkongojo, aliketishwa mbele kabisa, mara yake ya kwanza. Munyiva akapuliza ule mstari. Akanyamaza. Akaurudia, akanyamaza. Mpiga ngoma, kijana mgeni, akamtupia jicho la wasiwasi. Umati haukujua la kufanya.

Ndipo sauti moja ya kikongwe, nyembamba na ya kukwaruza, ikajibu peke yake. Ilikuwa ya Wayua, ambaye goti lilikuwa limemtoa kwenye mwethya miaka yote hiyo. Alikuwa amesimama. Pembeni yake Mbula akaipokea, kisha wanawake wa Kalama, kisha uwanja mzima.

Munyiva hakuharakisha. Aliacha machozi yashuke, akavuta pumzi, akamjibu mama yake.