Nadhiri ya Usukani

Gazeti lilikuwa likifika Dodoma jioni, kwa basi, likiwa limeshikwashikwa na kila abiria aliyechoka kutazama vichaka. Siku nyingine sikujali kama limefika au limebaki Morogoro. Lakini wiki ya maonyesho ya magari nilifunga duka mapema, nikaenda stendi kumngoja muuza magazeti kama anayengoja wageni wa harusi. Kila mwaka, kule Dar es Salaam, magari mapya yalikuwa yakikusanywa kwenye uwanja mmoja chini ya mahema, watu wanalipa kiingilio ili kuyatazama tu, na gazeti linatoa kurasa mbili za picha. Picha zenyewe wino umevuja. Gari jekundu na gari la bluu yote kijivu. Nilizitazama hivyo hivyo mpaka wino ukabaki vidoleni mwangu.

Nilikuwa nauza spea Chang'ombe, ile ya Dodoma, katika duka la baba mdogo. Miaka ile nchi ilikuwa imefungua milango, na mambo yaliyokuwa yakiombewa kibali yakawa ruksa. Magari yaliyotumika Japani yakamiminika bandarini, na vijana wa mtaa wetu wakapata kazi ambayo baba zao hawakuwahi kuisikia: kuyachukua bandarini na kuyafikisha Kigali na Bujumbura. Walipita Dodoma na kupiga honi mbele ya duka, kioo chini, mkono mmoja nje. Wenzangu niliosoma nao madrasa waliondoka kwa njia hiyo, mmoja baada ya mwingine. Mimi nikabaki kuwauzia mikanda ya feni na kuwatakia safari njema.

Sikubaki kwa kupenda. Nilifungwa, na kilichonifunga kilikuwa maneno ya mama.

Baba alikuwa dereva wa lori. Siku lori lake lilipopinduka njia ya Kondoa, mbele kidogo ya Miyuji, nami nilikuwamo, nimekaa kati yake na utingo, nina miaka saba. Baba hakufika hospitali. Mimi nilifika, sijitambui, na mama akasimama barazani pale hospitali, mbele ya wanawake wote wa mtaa waliomsindikiza, akainua mikono: "Mola wangu, ukiniachia huyu, naweka nadhiri hatashika usukani mpaka naingia kaburini." Wanawake wakaitikia amina, na baba mdogo pamoja nao. Nikafumbua macho siku ya pili yake.

Sasa fikiria kukulia katika mtaa ulioitikia amina. Sisi ni watu wa mjini, wajukuu wa wafanyabiashara waliokuja na misafara wakasahau kurudi kwao, na kwetu nadhiri si mzaha. Haikuwa siri baina ya mama na Mola wake, ilikuwa mali ya mtaa mzima. Nikisogelea gari lililoegeshwa, mtu ananikoholea. Nikiomba kufundishwa, dereva anatikisa kichwa: "Utanitafutia balaa, mama yako kaniangalia." Hata baiskeli nilifundishwa baada ya mashauriano, maana kuna bibi mmoja wa Makole aliyeuliza kama usukani wa baiskeli nao haumo.

Nikageuka mjuzi wa kutazama. Niliyajua magari kwa picha: ni lipi limebadilishwa taa, lipi litatusumbua kwa spea, lipi halitafika Singida bila kuchemsha. Wiki ya maonyesho baraza la duka lilijaa watu waliotaka kusikia nimesoma nini. Mtani wetu wa Kigogo, aliyekuwa akiuza karanga pembeni mwa duka, alinisikiliza siku moja mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyu bwana anayajua magari kama padri anavyoijua ndoa." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Utani hauna kesi, nikacheka nao, lakini usiku sikulala.

Kwa nini sikuasi? Watu wa siku hizi wananiuliza. Ningeasi vipi? Ukimkosea mama, pepo utaitafutia wapi? Na kulikuwa na hofu nyingine ambayo sikuisema: kwamba kuishi kwangu kulikuwa kumeahidiwa kwa sharti, na sharti likivunjwa, aliyeniachia uhai anaweza kuudai tena. Nikiwa mtoto niliogopa kwa ajili yangu. Nilipokua nikaogopa kwa ajili ya mama.

Mama mwenyewe hakuwa mkali. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, anayecheka kwa pua, na alinipenda kwa namna ya kunihesabia pumzi. Nakumbuka siku moja, nikiwa kijana wa miaka ishirini hivi, alipika pilau ya kuku bila sababu yoyote. Haikuwa Maulidi wala arobaini ya mtu. Akanibebesha sinia baada ya sinia, nipeleke kwa ombaomba wa msikitini, kwa vipofu wa karibu na stesheni, kwa ajuza mmoja asiye na mtu. Niliuliza tunasherehekea nini. Akasema sadaka haiulizwi. Mchuzi ulinimwagikia shati, na nilinuna kutwa nzima, kwa sababu ilikuwa wiki ya maonyesho na gazeti la siku hiyo lilinipita.

Miaka ikaenda. Nikawa mtu mzima wa nyuma ya kaunta, tumbo linaanza. Ndipo baba mdogo akaniita jioni moja, tukakaa juu ya makasha ya plagi.

"Biashara ya kungoja wateja imekwisha," alisema. "Maduka ya spea yamekuwa mengi kama uyoga. Nataka kununua pikapu, spea ziwafuate watu Kondoa, Manyoni, mpaka Singida. Nitaichagulia palepale kwenye maonyesho. Niitafutie dereva wa nje, au niwe na dereva wangu?"

"Baba, unajua habari ya mama."

"Naijua. Na mimi niliitikia amina. Lakini aliyefunga ndiye afunguaye. Kazungumze naye. Ukirudi na ruhusa, usukani ni wako. Usiporudi nayo, utakaa hapa kaunta hadi tuzeeke wote wawili, nami sitalirudia neno hili."

Bahati ikanipa njia. Mpwa wa mama alikuwa anaolewa Dar es Salaam juma lilelile la maonyesho. Tukapanda basi, mama akachagua kiti cha nyuma ya dereva kama kawaida yake, akasoma dua kutoka Dodoma mpaka tukaona moshi wa jiji, macho yake hayakutoka kwenye mikono ya yule dereva. Baba mdogo alikuwa ametutangulia. Harusi ilipokwisha nilimwambia mama kwamba kesho yake nakwenda kutazama magari. Nilitegemea atakataa. Akafunga ushungi, akasema, "Twende. Nikakione hicho kinachokunyima usingizi."

Niseme ukweli, maonyesho yenyewe yalinitisha. Miaka yote ile nilikuwa nimeyazoea yakiwa ya kijivu na yamekaa kimya. Sasa yalikuwa na rangi, yanang'aa mpaka nikajiona usoni mwa kila mlango, na kila mlango ulikuwa na mtu mwenye tai anayesema karibu. Watu walisukumana. Spika zilipiga kelele. Watoto walibandika mikono yao kwenye vioo, wasichana waliovaa sare wakavifuta, watoto wakabandika tena. Nilitembea katikati ya vitu nilivyovipenda maisha yangu yote, na nilichotaka kilikuwa kutoka nje nikavute hewa. Mama alitembea nyuma yangu ameshika shati langu ili tusipotezane. Kila nilipoongeza mwendo nilisikia shati linanivuta shingoni.

Tukamkuta baba mdogo kwenye hema la mwisho, amesimama mbele ya pikapu nyeupe kama mtu aliyekwisha kuposa. Alitusalimu, akamwamkia shemeji yake kwa heshima, kisha akanitupia jicho lililosema sasa. Akajifanya anakwenda kuuliza habari za makaratasi.

Muuzaji akafungua mlango. "Kaka, kaa ndani ujaribu. Mama, shikamoo, nawe pumzika kiti cha pili, jua kali." Mama, miguu ikimuuma, akapanda. Muuzaji akafunga milango yote miwili kwa ule mlio mzito nilioutamani, akakimbilia mteja mwingine.

Basi tukawa ndani, vioo vimepandishwa, kelele zimebaki nje. Palinuka plastiki mpya. Mbele yangu palikuwa na usukani. Sikuugusa. Niliweka mikono mapajani kama mtoto darasani, mtu mzima mimi, na jasho likaanza kunitiririka mgongoni. Nje watu walikuwa wakipita na kutuchungulia.

"Mama," nilisema, "baba mdogo ananunua gari hili. Anataka niliendeshe mimi. Nimekuja kukuomba unifungue."

Alinyoosha ushungi wake. Nikadhani hakusikia. Nikaendelea, na maneno yakanitoka mengi kuliko nilivyopanga: kwamba wenzangu wote wameondoka, kwamba nimechoka kupigiwa honi, kwamba kama kuna dhambi niko tayari kuibeba mimi. Nilimwambia kwamba naona kama nilikufa siku ileile na baba, nikaachwa dukani nikiwa nimekaa wima.

"Usiseme hivyo," alisema. "Nadhiri hiyo haipo."

"Haipo vipi?"

"Niliilipa zamani." Alikuwa akitazama mbele, kwenye kioo, kana kwamba tuko njiani. "Nilikwenda kwa imamu. Akaniambia mtu hawezi kumfunga mwenzake kwa nadhiri yake, lakini kwa kuwa nimelitaja jina la Mola, nitoe kafara, nilishe maskini kumi. Nikapika. Masinia uliyapeleka wewe."

Nikaiona pilau ile. Nikauona mchuzi kwenye shati langu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekwenda."

Nilingoja aongeze neno, aombe radhi, au alie, ili nipate mahali pa kuanzia. Hakulia. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi siku ile niliuchukia uchungu wake, niliuchukia kabisa, kwa sababu alikuwa ameukalia juu yangu miaka yote huku akijua kamba imekwisha kukatika. Nilikuwa nimezibeba mwenyewe sahani za uhuru wangu, nikawapa watu wakala, nikarudi dukani.

Ndipo nikaushika usukani. Niliushika kwa hasira, mikono miwili, nikakaza mpaka vidole vikauma. Mama akageuka, akaona, akaanza kupapasa mlango. Hakujua unafunguliwaje, mkono wake ukaenda kwenye kioo, ukaenda kwenye kufuli, ukarudi.

"Nifungulie, mwanangu. Joto."

Nilijua kitasa kilipo. Nilikuwa nimekiona gazetini. Nikamwacha apapase. Si kwa muda mrefu, lakini nilimwacha, nikiwa nimeukazia macho usukani, nikisikia kucha zake kwenye plastiki ile mpya. Kisha nikainama mbele yake, nikamshika mkono, nikauweka mahali pake.

"Kinavutwa hivi, mama. Na ukiwa nje, unaingiza vidole chini, unanyanyua. Hivi. Usinisubiri tena mimi nikufungulie."

Alijaribu mara mbili, kwa makini, kama anayefundishwa sura mpya. Mlango ukafunguka, akashuka, akasimama kwenye kivuli cha hema. Baba mdogo aliniuliza kwa macho. Nikamwambia gari ni zuri, na dereva yupo. Hatukusemezana na mama tena mpaka Dodoma.

Nilijifunza kuendesha kwenye kiwanja cha Miyuji, saa za asubuhi, mtani wetu akiwa ameacha karanga zake ili aje kunitazama. Gari lilirukaruka na kuzimika, naye akapiga makofi: "Padri kaoa!" Mtaa ulipashwa habari ya kafara, baadhi wakaamini, wengine wakasema heri wasipande gari langu. Nikapata leseni. Mama aliyaona yote haya, akanipikia na kunifulia kama kawaida, nami nikala bila kumtazama usoni. Nilikuwa nahesabu siku. Nilipanga kwamba nikishafika Singida mara moja, nitatafuta njia ya kufika mbali zaidi, na pengine nisirudi.

Safari ya kwanza ilikuwa ya Kondoa. Tulipakia spea jana yake, turubai likafungwa, pikapu ikalala mbele ya nyumba. Niliamka alfajiri kabla ya adhana, nikanawa polepole nisimwamshe mama, nikapita sebuleni nimeshika viatu mkononi. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi, kitanda kimetandikwa. Nikadhani yuko uani anatawadha. Nikashukuru, nikatoka haraka, nikafungua mlango wa dereva.

Alikuwa amekaa kiti cha pili, ushungi umefungwa, kifurushi cha chapati mapajani.

"Kinanyanyuliwa kutoka chini," alisema. "Kama ulivyonionyesha. Washa gari, kunakucha."