Mbwa Aliyelishwa Kama Ndama

Mimi sipendi mbwa, na nasema mapema ili mtu asije akanidhania huruma nisiyokuwa nayo. Hapa Dundori nimewarushia mawe wengi waliokuja kunusa mlango wa jiko langu. Lakini mbwa wa Mbugua nilimlilia, tena hadharani, na majirani hawajaacha kunitania kwa hilo.

Mbugua ni jirani yangu wa upande wa juu, pale viazi vyangu vinapopakana na nyasi yake ya nepia ya kulishia ng'ombe. Ni mtu mrefu asiyependa maneno, na anajulikana kwa jambo moja tu: ndama. Ndama akizaliwa dhaifu popote kwenye kilima hiki, watu hawangoji daktari, wanamkimbilia Mbugua. Atamfuta pua, atamfunga gunia mgongoni, atamnywesha dang'a, yale maziwa ya kwanza, taratibu kwa chupa, na ndama atasimama. Ana ule utepe wa kupima kifua cha ng'ombe ili kujua uzito wake, na hauachi nyumbani hata akienda kanisani. Tumemsifu mno kwa kazi yake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na waliomsifu ni sisi.

Msimu wa mvua wezi walikuja wakakata waya, wakamtoa zizini Waithera, ng'ombe ambaye Wangui, mkewe Mbugua, alimwita kitindamimba wake. Tulifuata nyayo kwenye tope hadi barabarani, na hapo zikakoma mbele ya alama za magurudumu. Tangu siku hiyo Wangui hakulala. Upepo ukitikisa bati, anaketi kitandani na kushika mkono wa mumewe. Mwishowe alimwambia waziwazi kwamba wakiendelea hivyo bila ulinzi, yeye atahamia mjini Nakuru kwa binti yao Joan, na Mbugua abaki na ng'ombe waliosalia kama wao ndio wake zake.

Joan alipopata habari hizo alipanda kilima na mtoto wa mbwa ndani ya kikapu. Alikuwa wa rangi ya kahawia, mdomo mweusi, na nyayo zake zilikuwa kubwa kuliko mwili wote ulivyostahili. Ni Boerboel, alisema Joan, mbwa wa kulinda mashamba, na mbwa aliyemzaa alikuwa mzito kama mwanamume mzima. Alileta pia mfuko wa chakula.

"Baba, huyu ni wa aina kubwa," alisema. "Chakula yake ni hii peke yake. Unapima na mkebe, na usimwongezee kitu."

Mbugua alichota zile punje kavu, akazinusa, akazirudisha. "Hii ni ya kuku," alisema, na mfuko ukapandishwa darini.

Msimcheke. Alifikiri kama sisi sote tunavyofikiri huku: kiumbe kinachokua haraka kinahitaji mifupa, na mifupa inatoka kwenye maziwa na madini. Basi yule mbwa, aliyemwita Chuma, alipata maziwa asubuhi na jioni mpaka ashindwe. Alipata uji na supu ya kwato. Juu ya yote alinyunyiziwa ule unga mweupe wa madini tunaowawekea ng'ombe wa maziwa, kijiko kimejaa, kila alipokula.

Na alikua, jamani. Mbugua alimzungushia utepe wa ng'ombe kifuani na kuniita kwenye ua. "Mama Shiru, kuja uone. Ndama ya nani inakua hivi?" Nilimwambia ndama wa nani anabweka, akacheka, na Mbugua si mtu wa kucheka. Tumbo la Chuma liliviringana kama mtungi. Wangui, ambaye mwanzoni alimwogopa, alimtandikia gunia karibu na mlango, na siku moja aliniambia kwa aibu kidogo kwamba usiku uliopita alilala mpaka jogoo akamwamsha. Mimi nilifurahi sana. Nisingependa kubaki hapa bila Wangui.

Kisha miguu ya mbele ikaanza kuvimba pale juu ya nyayo, ikapinda kwa nje. Mbugua alidhani ni baridi ya huku juu. Alimbeba hadi kwenye jua, akamkanda kwa maji moto, na alipoona hakuna nafuu akaamua kwamba mifupa bado ina njaa. Akamwongezea unga. Asubuhi moja Chuma hakuinuka kabisa, na ukimgusa analia kwa sauti inayokuingia kwenye meno.

Mbugua alimwita Adero, daktari wa mifugo kutoka Nakuru anayetuhudumia ng'ombe. Alipiga magoti kwenye simiti pale Chuma alipolala, akampima joto, akakuta ana homa, akaminya miguu polepole. Mbwa alipiga yowe. Wangui akageukia ukuta.

"Mzee, huyu unampea nini?"

"Maziwa. Uji na supu. Na dawa ya mifupa."

"Dawa gani hiyo?"

Mbugua aliingia ghalani akatoka na mfuko wa madini. Adero aliutazama, akamtazama na yeye, na nikaona anatafuta namna ya kusema.

"Nani alisema umpee hii?"

"Hakuna mtu. Si ndio napeanga ng'ombe?"

"Ng'ombe ni sawa, mzee, kwa sababu inatoa hii madini kwa maziwa. Huyu haitoi mahali. Akiwa mdogo hivi mwili wake haijui kukataa, inaingia tu yote, na mifupa inaharibika pale inakulia. Halafu maziwa na uji zimemnenepesha haraka, miguu ikabeba uzito kabla ikomae. Mbwa kubwa inafaa kukua pole pole. Hiyo ndio siri yake yote."

Mbugua alisimama na ule mfuko mkononi. "Na jana nimemwongezea," alisema.

 

Adero alimchoma sindano ya maumivu na kutuelekeza. Unga basi. Maziwa basi, na uji pia. Ashushwe ule mfuko wa Joan, apimiwe kwa mkebe mara tatu kwa siku na asipewe hata tone la ziada. Alazwe kwenye nyasi kavu, sio simiti inayoteleza. Akianza kutembea, atembee kidogo tu, asikimbie wala kuruka.

"Na hii tumbo iishe. Ukipitisha mkono hapa kando, unafaa kusikia mbavu," alisema. Halafu akashusha sauti. "Nitarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Kama bado hasimami, mzee, siwezi kumuacha alie hivi. Hata wewe hutataka."

Mtu wa kwingine hawezi kujua neno hilo la mbavu lilivyomkata Mbugua. Huku kwetu mnyama wa kuonekana mbavu ni aibu ya mwenyewe. Watu wakipita njiani wanahesabu mbavu za ng'ombe wako kabla ya kukusalimu. Sasa bingwa wa kulea aliambiwa ili amponye mwanawe, amnyime.

Alimnyima. Chuma, aliyezoea kushiba mpaka apumue kwa shida, alimaliza punje zake na kulamba bakuli mpaka likasogea likagonga ukuta, kisha akaanza kulia. Alilia asubuhi, akalia mchana. Nilikuwa nikipalilia viazi nikimsikia, na mimi, adui wa mbwa, nikatamani kumrushia kiazi kilichochemshwa. Wapita njia walianza kunong'ona kwamba Mbugua amechoshwa na mbwa, anamuua kwa njaa. Yeye alikuwa anateremka hadi mwisho wa shamba ili asisikie, na hapo ndipo aliponikuta.

"Mama Shiru, mimi nimelea vitu maisha yangu yote," alisema. "Sijawahi nyima kitu chakula ndio kipone. Mkono inakataa."

Homa ilishuka, lakini tumbo halikupungua wala miguu haikuinuka. Adero alipouliza kwa simu kama kuna kingine anachokula, Mbugua aliapa kwamba hakuna. Alikuwa anasema kweli yake. Mimi ndiye niliyeona. Nilikuwa nikikata nyasi kando ya ua nikamwona Wangui ameinama nyuma ya zizi akimshikia Chuma bakuli la maziwa, huku mkono mwingine ukimpapasa masikio.

Hasira ilinipanda. "Mama Joan, unamuua huyo!"

Aliruka, maziwa yakamwagika kwenye leso yake. "Analia kama mtoto," alisema. "Wewe ungeweza? Ni yeye alifanya nikalala. Nimpee nini ingine?"

Mbugua alikuwa amefika nyuma yake na amesikia. Nilingoja amfokee, na nadhani yeye Wangui alitamani afokewe. Badala yake aligeuza ndoo tupu, akaikalia, akatazama yale maziwa yakinywewa na udongo. Baadaye alichukua jembe akaenda nyuma ya nepia. Nilisikia ardhi ikichimbwa, taratibu, kama mtu anayechimba akiwa hataki kufika chini. Hapo ndipo nilipolia, nimesimama na mundu wangu. Majirani waliokuwa wakitoka kupeleka maziwa waliniona, na hiyo ndiyo asili ya utani wao.

Siku zilizobaki Chuma alilala tu kwenye nyasi kavu, ameacha hata kulia. Tumbo lilianza kupungua. Jumamosi ilipofika nilienda kwao asubuhi kwa sababu sikutaka Wangui awe peke yake. Mbugua alikuwa amesimama mlangoni pa ghala, amevaa koti la kanisani. Pikipiki ya Adero ilisikika ikipanda kilima.

Wangui alitoka kukamua, ndoo imejaa, povu bado linachemka juu na harufu ya maziwa ya moto imejaa uani. Chuma akainua pua. Aliivuta miguu ya mbele chini ya kifua, akajaribu, akaangukia kidevu. Akajaribu tena. Miguu ilitetemeka, imepinda kwa nje, na mmoja nadhani hautanyooka kamwe, lakini alikuwa amesimama. Kisha akatembea. Alivuka ua akiyumba, hatua moja halafu kungoja, na mbavu zake zikaonekana kila alipopumua, mpaka akamfikia Wangui akaweka pua kwenye ukingo wa ndoo.

Mbugua alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Wangui alimtazama.

Chuma alitikisa mkia. Alikuwa ametembea safari yote hiyo kwa mtu aliyekuwa akimpa maziwa, akijua atapewa.

"Hapana," alisema Wangui, machozi yakimtiririka hadi shingoni. "Hapana, Chuma. Hapana, baba."

Akachukua kifuniko, akakiweka juu ya ndoo, akakibana kwa mikono yote miwili.