Ngozi ya Kuanikia Mtama

Mjukuu wangu kaniletea kitabu cha picha. "Bibi, kumbe zamani mlikuwa mnavaa hivi?" Nimetazama mara moja tu, harufu ya ngozi kavu ikanijaa puani.

Siku ile mama alivaa gauni jipya la maua, alilonunuliwa na baba baada ya kuuza pamba, maana tulikuwa tunapokea mgeni. Mzungu akaja na kamera yake, akiongozwa na mjumbe wa mtemi. Mzungu alimwangalia mama, akakunja uso. Alitaka kupiga picha ya watu wa kale walivyoishi. Mjumbe akaamuru, "Vua hilo, vaa ngozi."

"Ngozi iliyopo ni ya kuanikia mtama," mama alisema.

"Hiyohiyo!"

Baba alisimama palepale, akatazama chini. Mama akatoka ndani mabega wazi, ameishikilia kifuani ngozi ngumu kama ubao, makapi ya mtama yamemganda shingoni. Akaambiwa asicheke. Nani alikuwa anacheka?

Leo chini ya picha wameandika: "Vazi la asili la mwanamke."

"Mwanamke gani, bibi? Hawajaandika jina."

"Ni mama yangu," nimemwambia. "Na gauni lake lilikuwa na maua mekundu."