Mama wa Picha ya Pili

Nilipohamishiwa Sindeni kufundisha, binti yangu wa kwanza alikuwa na miezi mitano na mgongo ulikuwa umeanza kunishinda. Kwetu Vugiri, milimani, mama na shangazi zangu walikuwa wakipokezana kumshika. Sindeni sikuwa na ndugu. Mume wangu alikuwa bwana shamba, akitoka alfajiri kwa baiskeli kwenda kukagua mashamba ya pamba na mahindi hadi Kwedizinga. Mimi asubuhi nilifundisha watoto, saa tisa nikafundisha kisomo cha watu wazima, na mtoto mgongoni muda wote huo.

Darasa langu la kisomo lilikuwa la akina mama, pamoja na wanaume wanne. Wengi walikuwa wamehamia kijijini karibuni, vijiji vya ujamaa vilipoanzishwa, na nyumba zao zilikuwa bado hazijamalizwa kukandikwa. Walikuja wamechoka kutoka shamba la kijiji, lakini walikuja.

Siku moja gari la wauza dawa lilifika kutoka Korogwe, likabandika tangazo kwenye ukuta wa duka la kijiji. Lilikuwa na picha mbili. Katika ya kwanza, mama mwenye mtoto mgongoni ameinama, mkono kiunoni, uso umekunjamana. Chini yake pameandikwa: Mzigo mgongoni, maumivu kiunoni. Katika ya pili mama yuleyule amesimama wima, anacheka, ameshika kidonge.

Nililiona kabla ya wengi, na nasema kweli, nilijiona mimi katika picha ya kwanza. Nikanunua vidonge, nikavificha katika kikapu cha nepi. Kila siku nilimeza viwili, siku nyingine vitatu. Maumivu yalipungua kwa saa chache, kisha yakarudi.

Wiki ile ile nilifika darasani saa tisa nikakuta watu watatu tu. Wakaniambia wenzao wako dukani. Nikaenda, nikawakuta wanafunzi wangu wamelizunguka tangazo, wanalisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kidole ukutani. Hakuna aliyewatuma. Lilikuwa jambo la kwanza nililowaona wakilisoma nje ya kitabu cha kisomo, na nilifurahi sana kwa muda mfupi.

Mama mmoja aliyekuwa na watoto pacha akanigeukia.

"Mwalimu, hapa pameandikwa mzigo, au nimekosea kusoma?"

Nikamwambia hakukosea.

"Basi yule mtoto yuko wapi kwenye picha ya pili?"

Nilitazama tena. Nilikuwa nimepita mbele ya tangazo lile kila siku, na sikuwa nimegundua kwamba katika picha ya pili mtoto hayupo. Mama amepona, na mgongoni hana kitu.

Tuliporudi ndani, darasa la siku hiyo halikuwa darasa tena. Akina mama walisema wametukanwa. Mmoja alisema kuni ni mzigo, maji ni mzigo, lakini mtoto haitwi hivyo hata akiwa mzito namna gani. Mwanamume mmoja alicheka, akasema sasa wanawake watapata sababu ya kuwaacha watoto nyumbani wakienda shamba, akanyamazishwa na mkewe aliyeketi nyuma yake. Kisha akazungumza baba mmoja mpole ambaye mkewe aliwahi kulazwa hospitali Korogwe msimu mzima wa kilimo. Tulijua wote kwamba msimu ule alikuwa akienda shamba na mwanawe mgongoni, na kwamba wenzake walimcheka.

"Neno hilo ni baya," alisema. "Lakini kiuno kinauma. Mimi nilibeba, najua. Hapo picha haikudanganya."

Akina mama wakageuka kumtazama. Sidhani kama waliwahi kumsikia mwanamume akilisema hilo mbele ya watu. Baadaye wakaamua kuandika barua kwa wenye dawa, nami nikapewa kazi ya kusahihisha herufi tu, maneno yatakuwa yao.

Walipokuwa wakiandika, mkono wangu ulikuwa umetulia kiunoni, kama wa mama wa kwenye picha. Bibi mmoja wa Kizigua, mkubwa kuliko wote darasani, alikuwa akinitazama. Tulipomaliza alibaki nyuma.

"Mwalimu, na wewe unameza?"

Nilitamani kukataa. Nikasema, "Nameza, bibi." Nikaanza kulia, na nikamweleza kwamba sasa nilichoogopa zaidi ni maziwa, kwamba labda nimemnywesha mtoto dawa wiki nzima.

Hakunigombeza. Aliniambia niiname, akanifungua mbeleko.

"Unambeba kwenye makalio, mwanangu. Nani alikufundisha?"

Hakuna aliyenifundisha. Nyumbani walimbeba wao. Bibi alimpandisha mtoto juu, katikati ya mabega, akamtanua miguu inikumbatie ubavuni, akapitisha khanga chini ya makwapa yangu na kuikaza kwa nguvu ambayo mimi nisingethubutu. Khanga ya pili akaifunga chini kumkinga makalio. Akasema nisimwogope, havunjiki. Niliposimama nilidhani amemchukua mtoto. Ilinibidi nipeleke mkono nyuma kumgusa.

Kesho yake nilikwenda zahanati. Muuguzi alimpima binti yangu, akamtazama macho na ulimi, akasema mtoto ni mzima, nimnyonyeshe kama kawaida na vidonge niviache. Nilimuuliza mara mbili. Mara ya pili alicheka, akaniambia niende nyumbani nikalale.

Gari la dawa lilirudi baada ya muda. Mama wa pacha ndiye aliyempa mwenye gari ile barua, naye akaisoma akiwa amesimama. Alieleza kwamba yeye ni mbandikaji tu, picha huletewa tayari. Lakini aliiweka barua mfukoni, akaomba maji, akalilowesha tangazo na kulibandua mwenyewe. Kama barua iliwafikia wakubwa wake, hatukujua. Akina mama walirudi darasani wakifurahi, maana mtu wa mjini alikuwa amesoma maandishi yao hadi mwisho bila kuuliza hili ni neno gani.

Jioni hiyo nilimweleza mume wangu yote, vidonge, kilio na mbeleko. Alinisikiliza, kisha akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua gunia. Majuma yale yote ya kununa kwangu, alisema, alidhani nimemchoka yeye na Sindeni, na kwamba nataka kurudi kwetu. Alikuwa ameshaandika barua ya kuomba uhamisho wa kwenda Korogwe, ili angalau niwe karibu na mama. Aliitoa katikati ya madaftari yake, akaniuliza aipeleke au asiipeleke.

Nikamwambia asubiri kwanza mahindi yakomae. Alicheka, akamchukua mtoto, nami nikanyoosha miguu mkekani nikamsikiliza akimwimbia vibaya. Tulikaa Sindeni miaka minne zaidi.