Waya wa Nyumba ya Pili

Siku ya kwanza kazini, pale Tarime mjini, sikupewa hata bisibisi. Fundi mkuu, mtu mkali, alinisimamisha mbele ya ukuta uliokwisha pakwa rangi akauliza, "Mura," yaani kijana, "waya umepita wapi?"

Nikasema sijui, siuoni.

"Swichi unaiona? Basi waya unapanda wima kutoka hapo, au unashuka. Soketi hivyo hivyo. Bomba la koki hivyo hivyo. Katika njia hiyo usipige hata msumari."

Nikadhani nimeshajua kazi. Wapi! Nilipohamishiwa Mugumu, msimamizi wa huko alinionyesha nyumba ambazo mafundi walipitisha waya mshazari, kona kwa kona, ili kubana matumizi. Ndiyo maana tulitembea na tesita, ile bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini kinachowaka ikikaribia waya wenye umeme, na drili tuliisukuma taratibu. "Haraka ya nini?" alikuwa akisema. "Ukuta hauna miguu."

Karibu na kustaafu niliitwa Nyamwaga, kwenye mji wa marehemu mzee mmoja aliyeacha wajane wawili, kila mmoja na nyumba yake. Marwa, mtoto wa mke mkubwa, alikuwa amekufa akimtobolea mama yake ukuta kwa nyundo na tindo ili atundike televisheni. Swichi kubwa ya nyumba ile alikuwa ameizima, watu walimwona. Umeme uliomuua ulitoka nyumba ya mke mdogo. Basi maneno yakaanza: kamuua mtoto wa mwenzake. Ndugu wa mume walitaka arudi kwao, watoto wake wabaki.

Nilibomoa plasta mbele ya wazee. Zamani nyumba ya mke mdogo ilipata umeme kutoka kwa mke mkubwa, kwa waya uliopita ukuta huo. Alipofungiwa mita yake mwenyewe, fundi alikata waya upande wa nyumba kubwa tu, akazungushia ncha utepe, akapiga plasta juu. Upande wa pili akauacha umeungwa kwenye mita mpya. Waya ukabaki na umeme, ila sasa unatoka upande wa pili.

"Huyu mama hajui lolote," nikasema.

Shemeji yao mmoja akadakia, "Amekupa nini, fundi?"

Nilichoka hapo hapo. Mama Marwa akainuka akautazama ule waya.

"Mzee, mwanangu alikosea?"

"Hapana, mama. Alizima alichokijua. Angepima kwa tesita ndipo angejua kingine."

Akawageukia shemeji zake. "Mmesikia. Mwenzangu haendi popote."

Sasa nimestaafu, niko Nkende, magoti yanauma. Vijana wananipigia: "Shikamoo mzee, nimezima swichi, nitoboe?" Nawaambia wapime kwanza, kisha waulize nyumba hiyo iliwahi kumgawia nani umeme, mpangaji, kaka, au mke mwenza. Wanacheka: mzee naye, mpaka habari za wake wenza! Mimi siwezi kucheka nao. Inanichosha kurudia, na bado narudia.

Siku ile, nilipokwisha kuung'oa ule waya, Mama Marwa aliniomba nizibe tundu alilotoboa mwanawe. Mke mdogo alinikorogea saruji huku analia, na Mama Marwa akamshikia karai.