Homa Haitolewi kwa Msumeno

Ipo siku moja ninayoikumbuka vizuri, mwanangu, na kwa kuwa kesho unapanda msituni kupasua mbao, afadhali uisikie leo. Babati yetu ilikuwa imefanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara, kila mtu anajenga, nasi vijana wa Mutuka tukafuata mbao mlimani. Gogo tulililaza juu ya shimo. Mmoja anasimama juu, mwingine chini, wanavuta msumeno mmoja. Mimi nilikuwa chini. Juu alikuwa Baba Paskali, mtu mzima wa maneno machache na ukali mwingi.

Asubuhi ile niliamka natetemeka, kichwa kinagonga. Nilinyamaza. Kambini tuliamini homa hutoka kwa jasho, na aliyelalamika alichekwa mpaka ajute. Hata chandarua tuliona ni mambo ya wenye vitanda. Basi nikavuta msumeno, najiona mwanaume kweli.

Baba Paskali akasimamisha kazi. "Wewe unaumwa."

"Hapana, baba. Ni uchovu tu."

"Usinidanganye. Msumeno tunaushika wote, na huku juu nasikia mkono wako hauna nguvu. Toka shimoni. Tunashuka zahanati sasa hivi, ungali unatembea."

Nilinuna njia nzima. Kupimwa, malaria. Nikapewa dawa, nikazimaliza, nikapona.

Kwenye shimo la pili alikuwepo Bura, kijana mwenzangu aliyetoka kwenye baridi ya Mbulu. Naye alikuwa na homa siku zile zile, naye alinyamaza. Mwenzake aliona msumeno umekuwa mzito, akadhani ni uvivu, akawa anamtania. Bura aliposhushwa kwa machela, malaria ilikuwa imeshampanda kichwani. Tulimzika kwao. Mama yake alituuliza neno moja tu: "Hamkumwona?" Mpaka leo swali lile linaniuma.

Kwa hiyo, mwanangu, beba chandarua na ulale ndani yake, wacheke, wakichoka watalala. Ukihisi homa, sema siku hiyo hiyo. Zaidi ya yote, mwangalie mwenzako. Akilegea, muulize kabla hujamtania, na akikataa kushuka, mshushe hivyo hivyo, akununie akipenda. Mungu akutangulie huko uendako, akurudishe mzima kwa mama yako, na huyo utakayevuta naye msumeno amrudishe kwa mama yake.